Nani Aliwafuata Nyumbani?

Neno dawa katika Kiswahili lina tumbo kubwa. Tunayo dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mapenzi, na mtoto mtundu anaambiwa dawa yake fimbo. Mtu akikwambia "nimepata dawa", hujui bado kama katoka duka la dawa, kwa mganga wa miti shamba, kwa sheikh aliyemwandikia kombe, au kwa mchungaji aliyemwombea. Lugha haikutenga. Utengano ulikuja baadaye, ukatuachia ugomvi ambao vijana wa mjini tunaurithishana vijiweni na kwenye daladala: wewe, bwana, unaamini dawa za kienyeji au huamini?

Mimi naona swali hili limekaa vibaya. Linamtaka mtu achague kambi, kama Simba na Yanga, kisha atetee kambi yake hata ikifungwa. Hebu tuipitie historia yetu ya juzi juzi tuone waliochagua kambi walifikishwa wapi.

Tuanze Samunge, kijiji kilichoko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Hapo aliishi mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilikuja kumwita Babu. Kwa maelezo yake mwenyewe, Mungu alimjulisha habari ya dawa katika ndoto mwaka 1991. Alianza kuitoa mwaka 2010, na kufikia Machi 2011 magari yalikuwa yanamiminika kutoka kila pembe ya nchi na kutoka Kenya pia. Dawa yenyewe ni mizizi ya mti ulioitwa mugariga, ambao kwa Kiswahili ni mtandamboo, ikachemshwa na kupimwa kikombe kimoja. Bei shilingi 500, pesa ya soda. Masharti machache: unywe pale pale, upewe kwa mkono wa Babu, na uwe na imani. Magonjwa yaliyotajwa ni yale yanayomkalia mtu maisha: kisukari, pumu, shinikizo la damu, saratani, UKIMWI.

Watu walikwenda, si mchezo. Wakulima na mawaziri, wabunge na mama lishe, wote walikula vumbi lile lile. Mwishoni mwa Machi vyombo vya habari viliripoti watu wapatao 24,000 wakiwa kwenye foleni iliyopita kilometa 20, hata Babu mwenyewe akaomba watu wapya wasije kwanza. Ziliripotiwa pia habari za wagonjwa zaidi ya 50 waliokufa wakisubiri, baadhi yao wakiwa wametolewa vitandani hospitalini na ndugu zao wenyewe, kwa mapenzi tu.

Wataalamu wa serikali wakakitazama kinywaji, wakasema kwa kipimo kile hakina madhara. Hapo maneno yakabadilika bila mtu kuyapangia. "Haina madhara" ilipanda basi Arusha, na ilipofika Mwanza ilikuwa "inaponya".

Sasa sikiliza shuhuda za siku zile. Karibu zote zilitolewa pale pale au siku chache baadaye. Mtu kanywa, kajisikia mwepesi. Mama kasema miguu haimwaki moto tena. Mimi siwaiti waongo. Mtu aliyesafiri siku tatu, akalala vumbini pamoja na wenzake wenye shida kama yake, akapewa kikombe bila kuulizwa faili wala kadi, akaambiwa kwa upole kwamba Mungu hajamsahau, atakosaje kujisikia mwepesi? Lakini yako magonjwa yenye tabia ya kungoja. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI akiacha vidonge vyake haanguki kesho. Anakaa wiki, anakaa miezi, majirani wanamsifu jinsi alivyonawiri, yeye mwenyewe anakuwa shahidi wa kikombe. Virusi navyo ndani kwa ndani vinazaana. Madaktari waliripoti wagonjwa wa namna hiyo, walioacha dawa wakiamini wamepona.

Walikuwa wangapi? Hapo ndipo ninapokwama kila nikiisoma habari hii. Umati ule ulikunywa, ukageuza magari, kila mtu akarudi na uzima wake au na kifo chake, na nchi haikuwahi kusomewa hesabu. Mwaka 2021 Babu akafariki, na tukabaki na kumbukumbu ya foleni tu.

Najua msomaji mwenye digrii anacheka hapa. Eti mizizi! Eti ndoto! Basi asubiri kidogo, tuvuke mpaka na kurudi nyuma miaka 21.

Julai 1990, Nairobi, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba imepatikana dawa ya UKIMWI. Jina lake KEMRON. Ilitokana na utafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ulioongozwa na Davy Koech akiwa pamoja na Arthur Obel. Hapakuwa na mizizi hapo wala ndoto. Ilikuwa interferoni, kiasi kidogo sana, ya kuyeyushia mdomoni. Palikuwa na maabara, makoti meupe, makala ya kitabibu na mkuu wa nchi. Nani angethubutu kuuliza? Yule yule ambaye angekimbia tunguri za mganga alikimbilia kidonge hiki.

Lakini utafiti wenyewe ulihusu wagonjwa 40, na hapakuwa na kundi la pili lisilopewa dawa ili walinganishwe. Ilisemwa kwamba wagonjwa walipata hamu ya kula, waliongezeka uzito, na wengine vipimo vyao viligeuka. Msomaji, unaona? Ni ushuhuda ule ule wa Samunge, ila huu umepigwa taipu.

Baadaye kule Kampala ilifanyika kazi isiyo na shangwe. Wagonjwa zaidi ya 500 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakapewa interferoni, wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo, mgonjwa hajui kapewa kipi na daktari naye hajui. Kisha wakafuatiliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalikuwa mafupi: hapana tofauti. Habari ya namna hiyo haiiti umati uwanjani.

Kwa hiyo kikombe na kidonge ni ndugu wa tumbo moja. Kimoja kilivaa joho la mchungaji na kingine koti la maabara, na sisi tukasalimia mavazi.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema watu wetu ni wajinga, ndiyo maana wanaamini. Kuamini kwetu kuna sababu, na kutoamini kwetu pia kuna sababu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha AZT, dawa ya kwanza ya kupambana na virusi hivyo, ikauzwa maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Serikali yetu ilianza kugawa dawa za kufubaza virusi bure mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: kutoka 1983 hadi 2004 ni miaka 21. Mtu wa Kagera aliyekuwa anazika ndugu kila mwezi alikuwa na nini mkononi zaidi ya tumaini? Ukimkataza tumaini la uongo wakati la kweli linauzwa kwa dola, unamwambia akae kimya afe.

Na mashaka juu ya hospitali je? Wakoloni walikuja na sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925, Tanganyika mwaka 1928, na katika macho yao mganga na mchawi walikuwa karibu mtu mmoja, wakati bibi zetu walijua kuwa mmoja ni adui wa mwenzake. Enzi hizo hizo pwani na bara ulitembea uvumi wa mumiani, kwamba wako watu wanaokamata wenzao usiku na kuwanyonya damu itengenezwe dawa ya Wazungu. Damu haikunyonywa, sawa. Lakini uvumi hauoti kwenye mwamba. Watu waliona miili yao ikichukuliwa kwa kazi na kwa kodi, wakasadiki kwamba na damu itachukuliwa. Kule Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali waliwatazama wanaume weusi 399 wenye kaswende wakiumwa bila kutibiwa, ilhali penisilini ilikwisha kujulikana katika miaka ya 1940. Ndiyo maana miaka ya 1990 wako Wamarekani weusi walioitetea KEMRON kwa nguvu zote. Kwao dawa iliyotoka Afrika, tena ikakataliwa na Wazungu, ilikuwa na kila dalili ya kuwa ya kweli. Waliumwa na nyoka, wakashtuka ung'ongo. Nawaelewa kabisa. Ila kuwaelewa hakuifanyi KEMRON itibu.

Sasa nitoe habari ambayo hatuisimulii, na ingefaa kuimbwa shuleni. Mwaka 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, zikishirikiana na watafiti wa Uingereza, zilianza kujaribu kama kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita. Wakati ule tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa walichoka wakaiacha njiani. Ikajaribiwa michanganyiko minne ya dawa kwa miezi sita. Mwisho wa miezi hiyo, wagonjwa karibu wote makohozi yao yalikuwa safi. Kama ingekuwa kwa desturi yetu, ngoma ingepigwa siku hiyo hiyo.

Lakini hawakuagana. Wagonjwa waliendelea kupimwa makohozi mwezi baada ya mwezi, na hapo ukweli ukatoka. Katika michanganyiko miwili, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alirudiwa na ugonjwa. Katika ule wenye rifampisini, waliorudiwa walikuwa wachache sana. Siku ya kumaliza dawa wote walionekana wamepona. Miezi iliyofuata ndiyo iliyotenga pumba na mchele. Tiba ya miezi sita iliyokuja kuenea duniani ina mizizi yake katika wodi zetu, na katika uvumilivu wa wagonjwa wa hapa ambao majina yao hatuyajui.

Nani basi atasema kuhesabu na kufuatilia ni mambo ya Kizungu?

Wala si kwamba miti shamba haina kitu. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Kichina, Tu Youyou, alipekua vitabu vya kale vya tiba za kwao. Kimoja, cha karne ya nne, kilieleza kuloweka majani ya mmea wa artemisia katika maji baridi na kuyakamua kwa ajili ya homa. Wenzake walikuwa wakichemsha, na moto unaharibu dawa. Yeye akaacha moto, akapata kitu, akakinywa mwenyewe kwanza, kisha wakapewa wagonjwa na kufuatiliwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya mseto ya malaria, ambayo kila mama wa Temeke anaijua, ina mjukuu wa majani yale ndani yake.

Kumbe mmea huo huo ndio uliotangazwa Madagaska Aprili 2020 ndani ya chupa, eti unazuia na kutibu korona, na Mei mwaka huo Tanzania ikatuma ndege kuifuata. Mmea mmoja, historia mbili. Kwa malaria ulipitishwa kwenye daftari na kuhesabiwa, kwa korona ulipitishwa jukwaani. Na sisi huku tukajifukiza nyungu, wengine kwa kusadiki, wengine kwa kuogopa kuonekana hawasadiki.

Tangu 2002 Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na baraza la kusajili waganga. Ni hatua, kwa sababu inamtoa mganga gizani alikosukumwa na sheria ya mkoloni. Lakini tusidanganyane. Cheti cha usajili kinasema jamaa huyu anajulikana yuko wapi. Dawa yake kuponya ni habari nyingine, inayodai kazi nyingine.

Kazi hiyo inatuhusu hata sisi tunaojifunza kuandika. Tumezoea kuandika kuhusu siku ya foleni, maana foleni ina rangi: vumbi, nyimbo, machozi, mtu kaacha magongo. Waandishi waliojaa Samunge Machi 2011 walifanya kazi nzuri ya siku moja moja. Habari kubwa zaidi ilikuwa ndani ya mabasi yaliyorudi, ikashukia Singida, Kahama, Mbagala na Kericho, ikaingia ndani na kufunga mlango.

Kwa hiyo ukiona tangazo kwenye nguzo ya umeme, mtaalamu kutoka mbali anatibu magonjwa 40, au ukisikia profesa redioni na kidonge kipya, usikimbilie kuamini wala kucheka. Uliza ni watu wangapi walipewa, wangapi hawakupewa, na baada ya miezi sita nani alikwenda kugonga milango yao. Akijibu kwa majina, tarehe na hesabu, kaa chini umsikilize, hata kama dawa yake ni mizizi. Akikujibu kwa hasira, shika nauli yako.