Mkolani: makazi ya wastaafu kati ya mitaa mipya na ya zamani

Mkolani ni kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kusini mwa Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, baina ya Nyegezi na Buhongwa. Inatajwa hapa kwa sifa isiyoonyeshwa na ramani: ni mojawapo ya sehemu ambako walimu, wauguzi, askari na makarani wa Kanda ya Ziwa hununua kiwanja wakiwa bado kazini, wakikusudia kuhamia siku wakistaafu. Mwanza haina kijiji cha wastaafu chenye geti na sharti la umri. Kinachokaribiana nacho ni pembezoni mwa jiji kama hapa, na swali la kila anayekaribia miaka 60 ni kama ahamie mtaa mpya unaoendelea kujengwa, au abaki (au anunue) katika mtaa wa zamani uliokwisha kukaa sawa.

Wengi hulianza swali hili na ramani ya nyumba. Lingeanza vizuri zaidi na kalenda. Mtaa mpya huhitaji muongo mzima, mara nyingi zaidi, kabla haujapata maji ya bomba, njia inayopitika masika, duka la dawa na majirani wasiohamahama. Aliyeanza kujenga akiwa na miaka 45 huufikia ukiwa umekomaa. Aliyeanza siku aliyopokea kiinua mgongo hutumia miaka yake ya nguvu za mwisho kuchangia nguzo, mitaro na vifusi ambavyo watavifaidi wajukuu wa jirani.

Mahali

Hadi kizazi kilichopita Mkolani ilikuwa shamba zaidi kuliko mji. Sensa ya 2022 iliikuta Wilaya ya Nyamagana ikiwa na watu 594,834, na kwa kuwa vilima vya katikati ya jiji vimejaa, ongezeko linasukumwa kusini kufuata lami. Daladala za Buhongwa hupita hapa siku nzima. Stendi ya Nyegezi, ya mabasi yaendayo Shinyanga, Dodoma na Dar es Salaam, iko karibu, na Usagara, inakochepuka barabara ya Sengerema na Geita, iko mbele kidogo ya Buhongwa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, mstaafu mwenye asili ya Geita au Sengerema anaweza kuzika kwao asubuhi na kulala Mkolani jioni bila kupanga foleni ya kivuko. Si jambo dogo kwa mtu ambaye ratiba yake ya uzeeni imejaa misiba.

Upya na ukongwe wa mitaa hapa haupimwi kwa kulinganisha kata na kata tu. Ndani ya Mkolani yenyewe, nyumba za kando ya lami ni za zamani kwa hesabu ya mahali hapa: zimesongamana, fremu za maduka mbele, vyumba vya kupangisha nyuma. Ukiingia ndani kuelekea vilimani unakuta mapagale, bikoni zilizomezwa na nyasi, na kibanda cha mlinzi anayelima mahindi ndani ya msingi wa mtu. Mitaa ya zamani kwelikweli, ile ambayo wastaafu wengi wanatoka, ni Igogo, Mabatini, Mirongo, Kirumba na Isamilo, na upande wa kusini Butimba na Nyegezi.

Mkupuo

Kilichobadilisha hesabu za wastaafu kuliko bei ya viwanja ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya pensheni. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Kwa utaratibu wa zamani wa mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, nusu ya pensheni ilitolewa kwa mkupuo. Baada ya mifuko kuunganishwa mwaka 2018 na kuzaliwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, kanuni mpya zilitaka mkupuo wa asilimia 25. Zikasitishwa Desemba mwaka huohuo baada ya malalamiko. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na 35 kwa wanachama wa mifuko mingine waliokuwa wakipata 25.

Asilimia peke yake haionyeshi uzito wa jambo. Chukua mwalimu aliyechangia miezi 360, ambaye wastani wa mshahara wake wa mwaka unaotumika kwenye hesabu ni shilingi milioni 12. Kwa kanuni ya zamani (1/540, kizidishio 15.5, nusu kwa mkupuo) angeondoka na shilingi milioni 62. Kwa kanuni ya sasa (1/580, kizidishio 12.5, asilimia 40) anaondoka na kama milioni 37.2, ingawa pensheni yake ya mwezi inapanda kutoka kama 333,000 hadi 372,000. Ile tofauti ya karibu milioni 25 ndiyo paa, madirisha, choo na uzio. Mtu aliyelisimamisha boma Mkolani mwaka 2010 kwa mahesabu ya kwamba mkupuo utalimalizia, alikuta mkupuo umefupika huku bati likipanda bei.

Ndiyo maana kununua nyumba iliyokamilika katika mtaa wa zamani, jambo lililokuwa likionekana anasa, limeanza kuonekana busara kwa wale ambao hawakuanza mapema. Nyumba kuukuu ya Butimba yenye nyufa na jiko la nje hulalika usiku wa kwanza. Pagale halilaliki.

Jabali, luseni na mbuga

Wasukuma huisoma ardhi yao kwa mteremko. Juu kuna majabali; chini yake luseni, udongo wa kichanga; mwisho kabisa, bondeni, mbuga, udongo mweusi unaolimwa majaruba ya mpunga. Mnunuzi wa kiwanja Mkolani angefanya vema kuisoma vivyo hivyo, kwa kuwa dalali humpeleka kiangazi, wakati ardhi zote zinafanana.

Mbuga huvimba ikinywa maji na kupasuka ikikauka. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida huanza kuonyesha ufa pembeni mwa madirisha, ufa unaopanda kama ngazi kufuata matofali. Ukizibwa kwa saruji hufunguka tena masika yajayo. Msingi unaoivumilia ni wa gharama: kuchimba hadi kuupita udongo mweusi, au kuutoa na kujaza moramu, kisha mkanda wa zege wenye nondo. Bei nafuu ya kiwanja cha bondeni imekwisha kuihesabu gharama hiyo, ila humwachia mnunuzi ailipe.

Jabali nalo lina mambo yake. Nyumba iliyokaa juu ya mwamba haina ufa, ina upepo wa ziwa na haijui mafuriko. Lakini kabla ya msingi kuna mwamba wa kuondoa. Fundi hulirundikia jabali kuni au matairi, huliwasha moto kwa saa nyingi hadi jiwe likatike kwa joto, kisha nyundo humalizia. Kinachotoka ni kokoto na mawe ya msingi wa nyumba hiyohiyo. Kazi hii huhitaji mkono wa mtu anayejua jiwe litakatikia wapi. Na baada ya yote inabaki ngazi. Mtu wa miaka 50 hupanda mwinuko wa Isamilo au Mabatini akizungumza. Akifika 70, na magoti yakaanza kudai, mwinuko uleule humfanya mfungwa wa nyumba yake: gesi hubebwa na kijana, maji hubebwa na kijana, na siku ya kuugua hubebwa mwenyewe. Barabara za mawe zilizojengwa kwenye baadhi ya vilima vya Mwanza zimepunguza adha hii kwa sababu bajaji sasa hufika mahali ambapo zamani palifika mguu tu. Hapa Mkolani inaishinda mitaa mingi ya zamani: sehemu yake ya luseni, katikati ya jabali na mbuga, ina mteremko ambao mzee anaweza kuutembea na fimbo.

Wapo wanaovutwa na ufukwe wa Luchelele, jirani na Mkolani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe lilitoa ushahidi mwaka 2020 na tena 2024 lilipofurika na kuzifuata nyumba zilizolisogelea.

Maji, umeme na njia

Kwa miaka mingi Mwanza ilitegemea chanzo cha Capri Point, chenye uwezo wa lita milioni 90 kwa siku, na mitaa ya kusini iliyokuwa mwisho wa bomba ilipata maji kwa mgao wa usiku. Mtambo wa Butimba, uliosanifiwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, umebadili hali hiyo kwa Nyegezi, Mkolani na Buhongwa. Bado kuwa karibu na chanzo si sawa na kuwa na bomba: nyumba ya ndani yenye majirani wachache husubiri mtandao, na simtanki haliepukiki.

Umeme una bei inayojulikana. Viwango vya mjini vilivyorejeshwa Januari 2022 ni shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, 515,618 ikihitajika nguzo moja na 696,670 zikihitajika mbili. Zikizidi, mtu hulazimika kukusanya majirani. Hapo ndipo mtaa mpya humdai mstaafu kitu asichokuwa nacho, yaani majirani waliokwisha kuhamia.

Kuhusu njia, maneno ya dalali ni yaleyale kila mahali: “Barabara inakuja, mzee.” Mara nyingi hadanganyi, hataji tarehe tu. Barabara ya Buhongwa hadi Igoma, kwa mfano, ilizungumzwa miaka mingi kabla haijaingizwa katika TACTIC, mradi wa miundombinu ya miji.

Kuhusu matibabu, hospitali ya wilaya iko Butimba, nayo Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa 1971, iko juu ya kilima chake katikati ya jiji. Mstaafu aliyekuwa mwanachama wa mfuko wa bima ya afya, NHIF, huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake, kwa hiyo kinachomgharimu ni kufika. Mwenye kliniki ya presha kila mwezi anaimudu safari ya Mkolani hadi Bugando. Mwenye kusafishwa figo mara tatu kwa wiki atajuta kuondoka Mirongo.

Karatasi

Katika jambo hili mtaa mpya uliopimwa hauna mpinzani. Kiwanja chenye hati chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 huwa na mipaka, muda (miaka 33, 66 au 99) na kodi ya ardhi ya kila mwaka. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ya vilimani zilikua bila kupimwa, na ingawa Mwanza imerasimisha maelfu ya makazi, bado nyingine zinauzwa kwa mkataba uliogongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Lakini “kipya” hakimaanishi “kilichopimwa”. Shamba la urithi lililokatwa vipande na ndugu wanne, mmoja wao hakusaini, linapatikana Mkolani pia.

Watu

Mtaa wa zamani una kitu kisichojengwa kwa saruji: chama cha kufa na kuzikana, jumuiya ndogondogo ya kanisa au waumini wa msikiti, kijana wa duka anayekopesha hadi pensheni iingie, na wanawake ambao wakisikia kilio hawaulizi nyumba ni ipi. Mgeni huweza kuingia, ila vyama vingi huweka kiingilio na kipindi cha kungoja kabla hujaanza kuchangiwa. Katika mtaa mpya chama kinaanzishwa, na wastaafu ndio huwa viongozi wake kwa kuwa ndio pekee wanaoshinda nyumbani. Kwa mwalimu mkuu aliyezoea vikao, hii ni neema. Kwa mjane mkimya ni upweke wenye uzio mrefu, na usalama wake hutegemea mbwa na taa ya nje.

Kuna mlango wa tatu, kurudi kijijini, ambao kwa heshima hutajwa kwanza. Wengi huukwepa kwa sababu ya hospitali. Wanawake wazee wamewahi kuukwepa kwa sababu nzito zaidi: mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi Usukumani, ambako macho mekundu ya moshi wa jikoni yalitosha kuwa ushahidi.

Mifano mingine

Karibu zaidi na dhana ya makazi ya mfuko wa pensheni ni nyumba zilizojengwa na PPF Kiseke, Ilemela. Ziliuzwa kwa watu wa rika zote, nazo sasa ni mtaa wa kawaida ambao makondakta huuita kwa jina la mfuko uliokwisha kufutwa. Nchini Marekani, Sun City ya Arizona ilifunguliwa Januari 1960 kwa ajili ya wenye umri mkubwa, na The Villages ya Florida imeendelea kupanuka ikiongeza vitongoji vipya mbali na vile vya mwanzo. Huko mnunuzi wa nyumba mpya hubeba pia deni la barabara na mabomba, wakati katika nyumba ya zamani deni hilo huenda limelipwa na mwenye nyumba aliyetangulia. Mkolani hulilipa deni lilelile, bila mkataba, kwa michango ya mtaa.

Wastaafu wenye nyumba mbili wamepata njia ya kati. Hubaki Igogo au Butimba na kuipangisha ya kusini kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoko Malimbe, au huhamia Mkolani na kuacha vyumba vya mjini vilete kodi. Vyumba vya wanafunzi hulipwa kwa mkupuo wa muhula na kukaa vitupu likizo. Vya mjini hulipwa kidogokidogo lakini mwaka mzima. Kodi ya majengo ni ileile kwa nyumba ya kawaida, mpya au kuukuu: tangu Julai 2023 hukatwa kwenye umeme wa LUKU shilingi 1,500 kila mwezi. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato kingine anaweza kuomba msamaha kwa nyumba anayoishi, si kwa ile aliyopangisha.