Maneno Laini na Maneno Magumu katika Usukuma

Walimu wageni wafikao Mwanza husema mara nyingi kwamba Kiswahili ni laini masikioni, bali Kisukuma ni kigumu. Yatupasa kuuliza: je, ugumu umo katika neno lenyewe, au katika sikio la msikiaji?

Wengine hujibu kwamba l na n ni sauti laini, bali k na t ni kavu. Lakini neno laana lina l na n tupu, wala hakuna alipendaye. Neno takatifu limejaa t na k, nasi twalitamka kwa furaha.

Basi, na tutazame mambo ya kale. Hapo zamani neno pembe lilikuwa na m mbele ya p. Mkutano wa sauti hizo ukaonekana mzito kwa ndimi nyingi. Watu wa Mvita waliiacha m, wakashika p yenye pumzi. Wasukuma waliiacha p, wakashika m yenye pumzi, nao husema mhembe. Kila upande ulilainisha neno kwa njia yake, na kila mmoja huuona ulaini wa mwenziwe kuwa ugumu.

Tena Mswahili husema tatu, bali Msukuma husema idatu, kwa kuwa ulimi wake hukataa t mbili zifuatane, akailegeza ya kwanza. Desturi hiyo imo hata katika jina la Wagikuyu wa Kenya, waliogeuza k ya kwanza kuwa g. Mwaka 1903 mtaalamu Carl Meinhof aliiita Sheria ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Moravian katika Unyamwezi.

Hata jina la mji limepatwa na jambo hili. Wasukuma husema Ng'wanza, na yasemwa kwamba asili yake ni Nyanza, yaani ziwa. Serikali ya Wadachi iliandika Muansa, nasi leo twaandika Mwanza. Kadhalika mwana ni ng'wana, na mwaka ni ng'waka.

Kwa hiyo mwalimu aandikaye jina la mtoto daftarini, akaiondoa ng' ili kulipendeza sikio lake mwenyewe, hakulainisha neno. Amebadili jina la mtu. Na amwulize mzazi kwanza, kisha aliandike kama litamkwavyo nyumbani.