Kyu-Shirataki: Stesheni ya Mwanafunzi Mmoja

Mwezi Januari 2016 ilienea duniani hadithi ya stesheni ya reli katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, iliyodaiwa kuachwa wazi kwa ajili ya binti mmoja wa sekondari mpaka ahitimu. Ilitufikia nasi kwenye simu, na baadhi ya wanafunzi wangu waliniletea kama ushahidi wa dola inayomjali raia wake wa mwisho.

Binti alikuwepo kweli. Lakini hadithi ilitaja Kami-Shirataki, ilhali yeye alipandia Kyu-Shirataki, stesheni nyingine ya njia hiyohiyo. Mpango wa kuzifunga ulijulikana tangu mwaka 2015. Machi ndio mwezi ambao reli za Japani hubadilisha ratiba, na ndio mwezi ambao mwaka wa masomo huisha. Kalenda mbili zilikutana, watu wakaona huruma.

Reli ile haina historia ya huruma. Serikali ya Meiji ilianza kulitwaa na kulilowezea eneo hilo kwa mpango rasmi mwaka 1869, na Waainu, wenyeji wake, wakageuzwa wageni katika ardhi yao; sheria ya mwaka 1899, iliyojiita ya kuwalinda, iliwasukuma waache uvuvi na uwindaji wawe wakulima. (Msomaji anayejua sheria za ardhi za kikoloni hatashangazwa na neno hilo "kulinda".) Mwaka 1891 wafungwa wa Abashiri walilazimishwa kupasua barabara kupitia mlima wa Kitami, na zaidi ya 200 walikufa. Baadaye, kwenye handaki la Jomon lililokamilika mwaka 1914, kazi ilifanywa na vibarua walionaswa kwa madeni na kufungiwa kambini. Handaki hilo lipo kwenye njia hiyohiyo ya Sekihoku. Lilipokarabatiwa mwaka 1970, mifupa ya binadamu ilikutwa ndani ya ukuta wake.

Shirataki yenyewe ilianza na watu maskini kutoka kusini. Mwaka 1912 Ueshiba Morihei, ambaye baadaye aliasisi mchezo wa aikido, aliongoza kaya zipatazo 50 kutoka Wakayama kwenda kufyeka msitu. Mwaka 1917 moto uliteketeza sehemu kubwa ya makazi, nao wakaanza upya. Reli iliwafikia mwaka 1929, na mwaka 1932 ikavuka mlima hadi upande wa Asahikawa. Kyu-Shirataki, maana yake Shirataki ya Kale, ilifunguliwa mwaka 1947 kama kituo kidogo tu, jukwaa na kibanda cha mbao, kwa sababu kulikuwa na watu wa kuhudumiwa.

Mwaka 1987 ndio uliobeba hukumu yake. Serikali ya Nakasone ililivunja Shirika la Reli la Taifa, lililokuwa na madeni ya takribani yeni trilioni 37, likawa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo. Chama cha wafanyakazi cha Kokuro, kilichopinga, kilidhoofishwa vibaya. Kampuni za Tokyo na Osaka zilirithi abiria kwa mamilioni. Hokkaido ilirithi theluji na mashamba. Ili isizame, ilipewa mfuko wa yeni bilioni 682, hasara zake zifidiwe kwa riba. Katika miaka ya 1990 riba nchini Japani ikaporomoka, na hesabu ikaporomoka nayo. Vijana nao walikuwa wakihamia mijini, na kila familia iliyoondoka ilipunguza sababu ya treni kusimama.

Hapo ndipo natofautiana na wanaoisoma habari hii kama ajali ya soko. Waliogawa shirika walijua mapema kwamba Hokkaido haitajilipia. Mfuko ule ndio ungamo lao. Walichochagua ni kuuweka usafiri wa watu wa vijijini juu ya faida ya fedha, badala ya kuuweka juu ya bajeti ya taifa ambayo bunge lingelazimika kuijadili kila mwaka.

Tarehe 26 Machi 2016 Kyu-Shirataki ilifungwa pamoja na Kami-Shirataki na Shimo-Shirataki. Novemba mwaka huohuo kampuni ilitangaza kwamba haiwezi peke yake kuendesha takribani nusu ya njia zake. Kutoka Shirataki hadi Kamikawa abiria sasa husafiri kilomita 37 bila kukuta stesheni hata moja.