Nani Atalipia Kusikilizwa? Historia Fupi ya Tiba ya Nafsi kwa Watu Wasio na Fedha

1. Utangulizi

Nilipokuwa nikihudumu katika usharika mmoja wa vijijini, mama mjane alinijia baada ya ibada. Alisema kuwa tangu amzike mumewe hapati usingizi, chakula hakipiti kooni, na moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi. Nilimwombea, kisha nikamwandikia barua ya kumpeleka kwa mtaalamu wa saikolojia mjini. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimetimiza wajibu wangu.

Baada ya miezi mitatu nilimtembelea, nikaiona barua ile ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Haikuwa imefunguliwa. Nauli ya kwenda na kurudi, ada ya mtaalamu, na siku mbili za kuwaacha watoto na shamba vilizidi uwezo wake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mchungaji, mimi nilidhani utaketi."

Neno hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala hii. Swali lake ni la kihistoria: watu waliotangulia walifanya nini ili maskini naye apate mtu mwenye ujuzi wa kumsikiliza? Majibu matatu yatatazamwa hapa, kisha tutajiuliza yanalidai nini kanisa letu.

2. Jibu la kwanza: wataalamu watoe muda wao

Mwezi Septemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikikaribia mwisho, Sigmund Freud aliwahutubia wenzake mjini Budapest. Tiba ya mazungumzo aliyoianzisha ilikuwa ya watu wenye fedha, kwa kuwa mgonjwa alitakiwa kumwona daktari mara nyingi kwa juma, kwa miezi mingi. Freud alikiri upungufu huo. Alitabiri kwamba siku moja dhamiri ya jamii itaamka, na maskini atahesabiwa kuwa na haki ya kutibiwa nafsi yake kama alivyo na haki ya kupasuliwa na daktari ili aokoe maisha yake.

Utabiri huo haukuachwa hewani. Mwaka 1920 Max Eitingon na Ernst Simmel walifungua zahanati mjini Berlin, ambako mgonjwa alilipa alichoweza, na asiye na kitu hakulipa. Gharama nyingi zilibebwa na Eitingon kutoka katika mali yake. Mwaka 1922 zahanati ya namna hiyo ilifunguliwa Vienna.

Hata hivyo mpango huo ulikuwa na udhaifu. Ulitegemea ukarimu wa watu wachache waliokaa katika miji mikubwa. Wengi wao walikuwa Wayahudi. Wanazi walipotwaa madaraka Ujerumani mwaka 1933, na Austria ilipomezwa mwaka 1938, walitawanyika wakaikimbia nchi, na kazi hiyo ikavunjika. Huduma iliyosimama juu ya mabega ya wachache huanguka pamoja nao.

3. Jibu la pili: kanisa lijenge nyumba

Jibu la pili tunalo karibu nasi. Mwaka 1896 wamisionari kutoka Ujerumani walianzisha kituo Lutindi, katika milima ya Usambara, kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kituo hicho kilianza kupokea wagonjwa wa akili, na hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya wagonjwa hao katika Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuja kufungua hospitali ya Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Lutindi imedumu hadi leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi ilifanywa kuwa sehemu ya tiba. Wagonjwa walishiriki kilimo, kazi za mikono na maisha ya kila siku ya jumuiya. Aliyefukuzwa nyumbani kwao alipewa jembe, mahali pa kulala, na watu wa kula nao. Hayo si mambo madogo. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakuanza kwa kumhubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Lakini nyumba ya namna hii ni kwa ajili ya wale ambao ugonjwa wao umekuwa mkubwa. Mjane asiyelala usiku hahitaji kulazwa mlimani. Anahitaji msaada kabla hajafika huko, tena mahali anapoweza kufika kwa miguu.

4. Jibu la tatu: wasio wataalamu wafundishwe kusikiliza

Mwaka 1935 Chad Varah, kasisi kijana wa Kianglikana nchini Uingereza, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana huyo alipoanza hedhi alidhani ameambukizwa ugonjwa wa aibu, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza. Varah hakulisahau kaburi lile. Mwaka 1953, akiwa mchungaji wa kanisa la St Stephen Walbrook mjini London, alitangaza namba ya simu kwa watu waliofikia kutaka kujiua. Waliokuja walikuwa wengi, wakalazimika kungoja. Watu wa kujitolea waliwapa chai na kuzungumza nao. Varah aligundua kwamba wengi, wakiisha kusikilizwa na hao wenye chai, hawakuona tena haja ya kumwona yeye. Akawakabidhi kazi, na hicho ndicho chanzo cha shirika la Samaritans.

Barani Afrika jibu hilo lilipata sura mpya huko Harare. Mwaka 2005 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Alikuwa arudi hospitalini, lakini familia yake haikuwa na nauli ya basi. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Mbare, Chibanda alianza kufanya kazi na wanawake wazee 14, wahudumu wa afya wa jamii. Aliwafundisha kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja alishughulikie kwanza. Bibi hao walikataa benchi hilo liitwe la afya ya akili, wakijua hakuna atakayeketi hapo. Waliliita kwa Kishona Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mashauri; na ugonjwa wenyewe waliuita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi.

Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare yalichapishwa mwaka 2016. Kati ya watu 573 walioshiriki, baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya walioketi na bibi hao, na kwa asilimia 50 hivi ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Malawi na Zanzibar.

5. Hitimisho

Majibu haya matatu hayapingani. Mtaalamu anahitajika, kwa sababu bibi wa Harare walifundishwa naye, waliendelea kusimamiwa, na waliojua kuwa mgonjwa yumo hatarini walimpeleka mbele. Msikilizaji asiyejua mipaka yake aweza kuangamiza. Hospitali inahitajika pia. Lakini pasipo jibu la tatu, mengine mawili hayamfikii mjane wa kijijini.

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, Luther aliyataja mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu miongoni mwa njia ambazo Injili hutujia. Naye mwaka 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, aliyesongwa na huzuni, akimwonya asikae peke yake.

Kila usharika una wazee wa kanisa na akina mama wenye hekima na wenye kutunza siri. Wawili au watatu kati yao waweza kufundishwa na mwuguzi wa zahanati iliyo karibu. Sehemu ya sadaka ya diakonia yaweza kutengwa kuwa nauli ya wale wanaopaswa kwenda mjini. Na wanafunzi wetu wa theolojia wajaribiwe katika kunyamaza kama wanavyojaribiwa katika kuhubiri. Rafiki za Ayubu waliketi naye siku 7 bila kusema neno, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya huduma yao isiyolaumika.

Yule mama nilirudi kwake juma lililofuata, bila barua. Niliketi.