Kifungo Kilichokaa Shambani

Pwani, historia ya kifungo huonyeshwa kwa kidole. Kisiwani Changuu, Unguja, jela ilijengwa miaka ya 1890 kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Sultani. Haikuwahi kutumika kama jela, ikawa karantini, na leo watalii hulipa ili walale kisiwani. Ngome ya Lamu ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984, kisha ikawa makumbusho. Lakini anayeingia Ifakara, katika bonde la Kilombero, akiulizia jela kongwe iliyogeuka makazi ya mtu amekuja na swali la pwani. Bondeni humo kifungo kilisimama juu ya kazi zaidi kuliko juu ya mawe, na kazi haipangishwi.

Tuanze na Wajerumani. Amri yao ya mwaka 1896 ilitaja adhabu za Waafrika: faini, viboko visivyozidi 25 kwa mkupuo, kifungo cha kazi, mnyororo na kifo. Mnyororo ulihesabiwa kuwa adhabu kamili. Wafungwa waliounganishwa shingoni walilima barabara na kubeba mizigo, askari akiwa nyuma yao. Watu wa namna hiyo ukuta waliuhitaji usiku tu. Atakayepinga atataja boma la Mahenge, kule mlimani, ambako bonde lilitawaliwa: jengo imara, lililohimili mashambulizi ya wapiganaji wa Maji Maji Agosti 1905 kwa bunduki za rashasha. Kweli, lilikuwa imara. Ila boma halikuwa jela. Lilikuwa ofisi, kambi, ghala na baraza la hukumu kwa pamoja, na Mwingereza naye aliendelea kuitawala wilaya ya Ulanga kutoka Mahenge. Serikali gani huuza kiti inachokalia?

Idara ya Magereza ilitenganishwa na Polisi mwaka 1931, lakini sura ya kifungo bondeni haikuhamia kwenye kuta ndefu. Huko Kiberege, kwenye barabara ya Kidatu, na huko Idete, gereza hujulikana kwa mashamba yake. Inaweza kusemwa kwamba kilimo hicho ni tunda la siasa ya kujitegemea, si urithi wa mnyororo. Nakubali kuhusu nia: kumlisha mfungwa na kumfundisha ukulima si sawa na kumfunga shingo. Hesabu iliyo chini yake, hata hivyo, haijabadilika. Bonde lina ardhi na maji mengi kuliko mikono, na kila dola iliyofika hapa imeona kwa mfungwa mikono kwanza.