Taharuki Si Dhambi: Kichwamaji, Azimio la Musoma na Nakala Iliyochanika

Ndugu msomaji, makala haya yanaanza na kosa langu mwenyewe. Likizo iliyopita nilinunua nakala kuukuu ya riwaya ya Kichwamaji kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Mwigobero, mjini Musoma. Jalada lilikuwa limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Niliisoma kwa siku mbili, nikafika mahali ambapo Kazimoto na Sabina wamekwisha kuoana, na kitabu kikaisha. Nikafurahi. Nikaandika hata maelezo yangu kwa ajili ya semina: "Mapenzi yanashinda kisasi." Sikugundua kwamba kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Butiama kumsalimu baba mkubwa. Nilipanda gari la kuelekea Bunda, nikashuka Makutano na kuchukua jingine. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza ninasoma nini siku hizi. Nikamsimulia kitabu changu na jinsi kilivyoisha vizuri. Mzee alicheka hadi akakohoa.

"Mwanangu, wewe umesoma arusi tu. Msiba hujausoma."

Basi akanisimulia mwisho wote, yeye ambaye hakuvuka darasa la nne. Mimi wa Chuo Kikuu nikakaa kimya kama mwanafunzi wa chekechea. Swali lililonirudisha chuoni ndilo ninalolijadili hapa: mtu kama baba mkubwa aliipataje riwaya ile, na kwa nini sisi wahakiki tunawadharau watu waliosoma kama yeye, yaani kwa kutaka kujua "kisha ikawaje"?

Mwaka 1974

Tuanze na historia. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa lile tunaloliita Azimio la Musoma. Azimio lilikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza, kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. La pili, kijana amalizapo kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja. Kwanza akafanye kazi, athibitishwe na mwajiri wake na Chama. Lengo lilikuwa msomi asiwe kichwa kinachoelea juu ya wananchi.

Mwaka huohuo zilitoka riwaya mbili za Kiswahili ambazo hatujazoea kuzitaja pamoja. Moja ni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa ambacho mtu wa Bunda hukifikia kwa kivuko cha Kisorya. Nyingine ni Kufa na Kupona ya A. E. Musiba, iliyomleta mpelelezi Willy Gamba. Ya kwanza tumeiweka kwenye silabasi. Ya pili tumeiacha kwenye mabasi. Sisemi kwamba Azimio lilizaa vitabu hivi, maana vitabu huandikwa kabla ya kuchapwa. Nasema kwamba vilimkuta msomaji aliyekuwa anaandaliwa.

Msomaji huyo alitoka wapi? Kabla ya Azimio, kati ya 1968 na 1972, mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo, ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza. Vitabu vya kwanza vilihusu pamba, uvuvi, ufugaji na usafi wa nyumba. Mwaka 1974 likaanza pia gazeti la vijijini la kanda hiyo, Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1967 takriban thuluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Katika majaribio ya taifa ya 1975 kiwango kilihesabiwa kuwa asilimia 39, na 1977 asilimia 27. Tunaweza kubishana juu ya ubora wa kisomo hicho, kama watu walivyofanya mzaha kuhusu UPE kwamba eti ni Ualimu Pasipo Elimu. Lakini watu walisoma.

Baba mkubwa alikuwa mmoja wao. Shule ya utotoni ilikuwa imekwisha kumtoka kichwani. Akaanza upya chini ya mwembe, na kitabu cha pamba. "Kile kitabu kilinifundisha herufi," aliniambia. "Lakini pamba nilikuwa naijua kuliko kitabu. Nilijua kwamba najua kusoma siku niliposhindwa kulala kwa sababu ya kitabu." Kitabu hicho kilikuwa cha Willy Gamba. Baadaye mwalimu mmoja akamwazima Kichwamaji, naye akawa anakisoma kwa sauti jioni kwa wenzake. Kila aliyekuja kusikiliza alichangia mafuta ya taa. Walipofika mwisho, anasema, hakuna aliyesema kwaheri. Kila mtu aliinuka akaenda kwake.

Taharuki iliyo ndani ya kichwa

Darasani tumefundishwa kugawa riwaya mafungu mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Pendwa ina taharuki, ujambazi na mapenzi. Dhati ina falsafa. Kichwamaji huwekwa fungu la dhati, na maswali ya mtihani ni yaleyale: ukengeufu wa msomi, udhanaishi, mgongano wa kale na sasa. Sawa. Lakini tazama fani yake, ndugu msomaji. Inafunguliwa kwa Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, akisubiri ofisini kwa Mkuu wa Wilaya ili aombe kazi ya likizo. Mkuu huyo ni Manase, waliyejuana zamani. Manase anamharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anakufa. Kazimoto anakusudia kisasi, na njia anayoiona ni Sabina, dada yake Manase. Huu ni mtego wa riwaya ya kusisimua kabisa! Tofauti ni kwamba Willy Gamba anamwinda adui aliye nje, na Kazimoto anawindwa na mawazo yake mwenyewe.

Hapa ndipo kisa cha mapenzi kinapofanya kazi ambayo wengi wetu hatuioni. Msimulizi ni Kazimoto mwenyewe. Tunasikia hila yake kutoka kinywani mwake, na kwa kuwa anatuambia ukweli kuhusu ubaya wake, tunamwamini. Mapenzi yanapoanza kuwa ya kweli, msomaji anajikuta na matakwa mawili yanayopingana: anataka Manase alipe, na anataka Sabina asiumizwe. Ndiyo maana arusi inatupa pumzi. Mimi na nakala yangu iliyochanika tuliishia kwenye pumzi hiyo.

Kumbe mtunzi alikuwa anajibu swali jingine, ambalo tulikwisha kulisahau. Mtoto wa Kazimoto na Sabina anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na Kazimoto anajiua. Jina la kitabu, ambalo tulidhani ni tusi kwa msomi asiye na busara, linarudi likiwa mwili wa mtoto. Uovu ambao Kazimoto alidhani ni wa Manase peke yake umeingia nyumbani kwake. Bila taharuki ya mapenzi na kisasi, falsafa hii ingekuwa hotuba tu. Aliyesoma kwa kutaka kujua "kisha ikawaje" ndiye anayepigwa nayo sawasawa.

Wasiwasi na majibu

Najua mhadhiri wangu atauliza: je, basi riwaya zote za kusisimua ni sawa? La hasha. Nyingi zinarudia kanuni ileile: mwanamke ni zawadi ya mpelelezi, adui hana moyo, na damu haina uzito. Willy Gamba harudi nyumbani akiwa amebadilika. Udhaifu huo lazima tuuseme. Lakini kuusema ni kazi ya mhakiki aliyesoma kitabu, si ya yule aliyetazama jalada.

Tena tukumbuke tuko Butiama. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa kijiji hiki, alipochagua tamthilia ya Shakespeare ya kutafsiri kwanza, akaichapisha mwaka 1963, alichagua Julius Caesar: hadithi ya njama, kisu na mtu mwema asiyelala usiku akijadiliana na nafsi yake. Hakuna anayeiita kazi hiyo pendwa. Na Kezilahabi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020, alikwisha kuonja hukumu za haraka: Rosa Mistika yake ya 1971 iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye ikaja kuwa kitabu cha kiada. Waliohukumu walibadilika. Kitabu kilikuwa kilekile.

Hitimisho

Azimio la Musoma lilitaka msomi akakae na wananchi kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulikwisha kuachwa zamani. Mimi niliingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita, na nilihitaji nakala mbovu ili nikakae jioni moja na msomaji aliyenizidi.

Nina jambo jingine la kukiri. Nilipokuwa sekondari nilimcheka baba mkubwa kwa lile sanduku lake la riwaya za upelelezi. Nilimwambia, "Baba, hivi si vitabu." Hakunijibu siku ile. Safari hii, nilipokuwa naaga, alikwenda chumbani akarudi na Kichwamaji yake, kurasa zote zimo, pembe zimeliwa na mende.

"Chukua," alisema, "lakini ukimaliza kirudishe. Bado kuna watu hapa hawajasikia mwisho."

Yale maelezo yangu ya semina nimeyafuta. Kitabu nitakirudisha likizo ijayo.