Nyonyo za Mwanaume: Aibu ya Miaka 1800

Kila bweni la shule ya wavulana lina yule kijana anayeoga saa kumi alfajiri, maji yakiwa baridi kama ya mtoni Limuru, ndiyo amalize kabla wenzake hawajaamka. Siku ya michezo ana fulana nyingine ndani ya jezi. Jua linawaka na yeye yuko na sweta. Wasee wanadhani ni mtu wa baridi tu. Kumbe ameona kifua kimeanza kuvimba chini ya chuchu, kinauma kikiguswa, na anajua wa kwanza kukiona atampa jina litakalomfuata hadi kidato cha nne.

Sasa sikia. Hicho anachokificha huwapata karibu nusu ya wavulana wote wakati wa kubalehe, na kuna tafiti zinazopita hapo. Kwa hivyo hata yule anayegawa majina ya utani pale bwenini, kuna uwezekano mzuri tu alikuwa na chake, kidogo, hakikuonekana. Bweni zima linaficha kitu kimoja na linachekana. Nilitaka kujua hii aibu ilianzia wapi, nikaanza kusoma, na nikajikuta Roma ya karne ya 2.

Huko kulikuwa na daktari Mgiriki, Galen, mtu wa mji wa Pergamon aliyewahi kutibu wapiganaji wa kwenye viwanja na baadaye watawala wenyewe. Yeye ndiye anayetajwa kuwa alilipa hili jambo jina. Alichukua neno la Kigiriki la mwanamke, gyne, akaliunganisha na la titi, mastos. Madaktari bado wanatumia jina hilo hilo, ginekomastia. Tafsiri yake ni "matiti ya kike". Yaani buda, tusi la bwenini na jina la hospitalini ni kitu kimoja, tofauti ni lugha tu. Ugonjwa wa figo unaitwa kwa figo. Huu uliitwa kwa kile ambacho mwanaume anaogopa kuambiwa amekuwa.

Galen alilielezea kama mafuta yaliyozidi kifuani. Leo madaktari wanatenganisha vitu viwili. Kuna mafuta ya kawaida, ya mtu aliyenenepa, na kuna tezi ya titi yenyewe iliyokua. Kila mwanaume anazaliwa na tezi hiyo, ndogo, imelala. Lala chali, weka kidole gumba na cha shahada pande mbili za chuchu, visogeze polepole vikutane. Ukikuta kitu kama sahani ndogo ya mpira katikati, chini kabisa ya chuchu, hiyo ni tezi. Vidole vikipita kwenye ulaini hadi vikutane, hayo ni mafuta. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu pushapu elfu moja haziondoi tezi. Zitakuza msuli ulio nyuma yake na kuisukuma mbele zaidi.

Usidhani lakini kwamba kila jamii ya zamani iliona matiti kwa mwanaume ikacheka. Wamisri wa kale walikuwa na Hapi, mungu wa mafuriko ya mto Nile. Wakimchora, ni mwanaume mwenye ndevu, tumbo, na matiti yanayoning'inia. Hayo matiti yalikuwa na maana ya shibe: mto umefurika, mashamba yatazaa, watu watakula. Halafu kuna Farao Akhenaten, wa karne ya 14 kabla ya Kristo, ambaye sanamu zake zina nyonga pana na kifua laini. Wasomi walibishana kwa miaka mingi alikuwa na ugonjwa gani. Mwaka 2010 kikundi kilichoongozwa na Zahi Hawass kilichapisha matokeo ya kupima maiti za familia ya Tutankhamun kwa DNA na skani, na hawakupata ushahidi wa ginekomastia. Inaelekea mfalme alitaka tu achongwe hivyo. Hebu fikiria mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini anaagiza apewe kifua ambacho wewe unakifunga kwa fulana ya kubana.

Aibu inaonekana wazi kabisa tukifika karne ya 7, kwa daktari mwingine Mgiriki, Paulo wa Aegina, aliyefanya kazi Alexandria. Nampenda huyu jamaa kwa sababu aliona ukweli wote na bado akaangukia pale pale. Aliandika kwamba wavulana wakibalehe matiti huvimba kidogo, na kwa wengi hurudi chini yenyewe. Miaka 1300 iliyopita, tayari walijua! Kisha akasema kwa wengine huendelea kukua, na kwa kuwa hali hiyo inamletea mwanaume lawama ya kuonekana kama mwanamke, inafaa apasuliwe. Hakusema inauma, wala kwamba itamuua. Akaeleza na jinsi ya kufanya: kata kwa umbo la mwezi mchanga chini ya titi, toa mafuta, shona.

Miaka 350 hivi baadaye, al-Zahrawi, daktari Mwislamu wa karibu na Cordoba, Uhispania ya wakati huo, aliiweka operesheni hiyo kwenye kitabu chake kikubwa, at-Tasrif, chenye sehemu 30. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Ila kumbuka, nusukaputi ya etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Kabla ya hapo, mwanaume aliyekubali kisu cha kifua alikuwa ameshikiliwa tu na watu. Hiyo ndiyo bei watu walikuwa tayari kulipa ili wasichekwe.

Kilichokosekana kwa muda huo wote ni swali moja rahisi. Kwa nini kimekua? Ukishaamua kwamba tatizo ni aibu, unakata unachokiona na unaenda nyumbani.

Swali lilianza kupata majibu karne ya 20, homoni zilipoanza kueleweka. Mwili wa mwanaume una testosteroni na pia estrojeni kidogo, na tezi ya titi inasikiliza uwiano wa hizo mbili. Kijana akibalehe, estrojeni inaweza kutangulia kidogo kabla testosteroni haijashika kasi. Tezi inaamka. Mizani ikikaa sawa, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili, inalala tena. Hakuna kilichoharibika.

Ila kuna wakati kifua kinaleta habari ya kitu kingine. Mwaka 1942, Harry Klinefelter na wenzake wa Boston waliandika kuhusu wanaume tisa wenye matiti, korodani ndogo na wasiotoa mbegu. Mwaka 1959 Patricia Jacobs na John Strong, Edinburgh, wakagundua sababu: kromosomu X ya ziada. Wanaume wa aina hii wako kila nchi, na wengi hugundua wakiwa watu wazima, wametafuta mtoto miaka na miaka wakalaumu mke. Daktari mmoja angekipima kile kifua akiwa na miaka 16, stori ingekuwa nyingine.

Halafu njaa. Hii ndiyo sehemu iliyonishangaza zaidi, na inafika hadi hapa kwetu. Vita vya Pili vilipoisha, wanajeshi wa Marekani waliotolewa kwenye kambi za wafungwa za Wajapani walianza kula vizuri, na baadhi yao wakaota matiti. Njaa ilikuwa imezima homoni zao. Chakula kiliporudi, mwili ukawa kama unabalehe upya, pamoja na ini lililochoka ambalo kazi yake mojawapo ni kuondoa estrojeni mwilini. Madaktari waliandika kwamba chanzo ni utapiamlo. Sawa kabisa.

Sasa vuka uje Kampala. Mwaka 1949 mwanapatholojia Mwingereza aliyekuwa Makerere, J.N.P. Davies, alichapisha makala kwenye jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu hali hii hii. Maelezo ya siku hizo yalikuwa yale yale, chakula duni na ini lililoumia. Lakini angalia kichwa cha makala: kilizungumzia kuvurugika kwa homoni za jinsia kwa Waafrika. Mmarekani akiota titi, ni njaa. Mganda akiota titi, ni Mwafrika. Sisemi Davies alikuwa mtu mbaya, alifanya kazi kubwa ya tiba Uganda. Nasema tu kwamba hata sayansi ikishapata sababu sahihi, jina linaweza kumrudishia mgonjwa mzigo wote, kama lile la Galen.

Tukija karibu zaidi, kuna dawa. Efavirenz ilikuwa kwa miaka mingi kwenye ARV za kwanza ambazo Wakenya wengi walianzishiwa, na moja ya madhara yake yanayojulikana ni wanaume kuvimba matiti. Dawa ilikuwa inaokoa maisha yao. Lakini mwanaume ambaye hajamwambia mtu mtaani kuhusu hali yake, sasa shati lenyewe linaanza kusema. Ukishaelewa mtu huyo yuko wapi, utaelewa kwa nini anaweza kuanza kuruka vidonge kimyakimya badala ya kumwambia daktari ambadilishie. Kenya ilianza kuleta dolutegravir mwaka 2017, na watu wengi wamehamia huko. Kuacha dawa bila kumwambia daktari ndiko kungeua, si titi.

Orodha ya dawa ni ndefu kuliko unavyodhani: spironolactone ya moyo na presha, cimetidine ya vidonda vya tumbo, na risperidone ya magonjwa ya akili. Hii ya mwisho ilifikisha kampuni ya Johnson & Johnson mahakamani Marekani. Mwaka 2019 jopo la mahakama Philadelphia liliamua mwanaume mmoja aliyeitumia tangu utotoni alipwe dola bilioni 8. Jaji baadaye akaishusha hadi milioni 6.8. Hata hizo si pesa za kununua maandazi.

Na wasee wa jimu, msidhani nimewasahau. Dianabol ilitoka mwaka 1958 na tangu hapo steroidi zimekuwa siri ya kila mtu. Mwili ukipewa testosteroni nyingi kutoka nje, hauziachi hivyo hivyo. Kuna kimeng'enya, aromatase, kinachogeuza sehemu yake kuwa estrojeni. Kwa hivyo unajidunga uanaume kwenye sindano, na kifua kinakupa jibu. Huwa naona vijana wa miaka 19 wakiuliziana kwenye magrupu ya WhatsApp vidonge vya kuzima hilo, bila daktari hata mmoja kwenye hilo grupu. Hapo mimi huishiwa maneno.

Tiba ya leo inaanza na kile Paulo alikijua: kwa kijana anayebalehe, mara nyingi ni kusubiri. Kama kuna dawa inayosababisha, daktari anaibadilisha. Kama tezi ni mpya na inauma, wakati mwingine hutoa tamoxifen, dawa inayotumika pia kwa saratani ya matiti ya wanawake. Lakini ikishapita mwaka hivi, tezi inageuka kuwa kovu gumu na dawa haifanyi kitu tena. Hapo ni upasuaji. Mwaka 1946 Jerome Webster wa New York alieleza mkato wa nusu duara kwenye ukingo wa ule weusi unaozunguka chuchu, ili kovu lisionekane, na madaktari bado wanautumia, siku hizi pamoja na mrija wa kufyonza mafuta. Mimi sina shida na mtu anayeamua kupasuliwa kwa sababu amechoka kuogopa kuvua shati. Maisha ni yake. Ninachoomba ni kwamba ile "kwa nini" iulizwe kabla ya kisu. Krimu zinazouzwa kwenye TikTok haziulizi chochote, zinaomba tu Mpesa.

Daktari mzuri atakuuliza mambo yatakayokushangaza. Unakunywa pombe kiasi gani, unavuta bangi, unatumia dawa gani, za jimu zikiwemo. Atataka pia kupima korodani, na wengi hukimbia hapo. Anafanya hivyo kwa sababu baadhi ya uvimbe wa korodani hutoa homoni zinazoamsha titi, na kifua kinaweza kuonekana kabla mwenyewe hajahisi kitu kule chini. Na kama uvimbe ni upande mmoja tu, mgumu, umekaa pembeni ya chuchu badala ya chini yake, ngozi imevutwa ndani au chuchu inatoa damu, usihesabu miezi. Wanaume pia hupata saratani ya matiti. Ni takriban mgonjwa 1 kati ya 100, na wengi wao hufika hospitalini wamechelewa, wakiwa bado wamevaa sweta.